Madame Aliyezipa Biro Pointi

Kazi yake ilikuwa kuketi, na yeye hakujua kuketi. Kwenye benchi la biro, yaani ofisi ya serikali, aliweka upande mmoja tu wa mwili, kama mtu anayengoja kuitwa, na mguu wake wa kulia ulipiga chini bila kupumzika. Waliokaa karibu naye walifikiri ana haraka. Hakuwa na haraka. Angeweza kubaki pale tangu mlango unafunguliwa mpaka karani wa mwisho anafunga dirisha, na mguu bado unapiga.

Sitaandika jina lake. Mtaa mzima wa Mudzipela tulimwita Madame, kwa sababu alifundisha primeri, shule ya msingi, miaka mingi, na mimi pia nilipita mikononi mwake darasa la sita, ambalo lilikuwa darasa langu la mwisho. Alipoacha chaki, komite moja ya raia ilimpa kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka: kupita kwenye biro za serikali hapa Bunia, kuangalia namna zinavyopokea watu, kisha kusema mbele ya wote ni ipi inafanya kazi kwa haki na ipi inakula raia. Watu wa komite walisema ni kupima uadilifu. Madame alisema ni kusahihisha.

Tuliishi katika parseli yake, yaani kiwanja chake. Yeye alikuwa na nyumba ya mbele. Nyuma kulikuwa na nyumba mbili ndogo. Moja ilikuwa yetu, mama yangu na siye watoto, tuliokimbia vita kutoka upande wa Bule. Ya pili ilikuwa ya mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, na mke wake na watoto wao. Aliuza misumari na kufuli sokoni, na tulimwita Papa wa Butembo. Kwa hiyo nilimwona Madame asubuhi, kabla hajavaa uso wa kwenda kwenye biro. Alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Aliosha sahani safi. Aliongea peke yake, akijibishana na karani ambaye hakuwapo.

"Rudi kesho, rudi kesho," alisema akisugua sufuria. "Na kesho yenyewe iko wapi?"

Mwanzoni hakuna aliyemjua kule kwenye biro. Alivaa kitenge kilichopauka na kandambili, akaketi kati ya watu kama mtu anayetafuta karatasi. Alisikiliza nani anaitwa kabla ya zamu yake, nani anaambiwa shefu, mkuu wa biro, hayupo wakati sauti ya shefu inasikika ndani. Baadaye alijulikana, na mlinzi alipomwona anavuka barabara alikimbia kuonya: "Madame iko anakuja!" Ndani viti vilivutwa, redio ikazimwa, na karani aliyekuwa amesahau mahali muhuri ulipo akaukumbuka. Basi Madame akaacha kuwaangalia makarani. Akawangoja watu nje, penye vivuli vya ukuta, na kila aliyetoka alimwuliza jambo moja tu.

"Umetoka na karatasi, ao umetoka na kesho?"

Watu walimjibu. Sijui kwa nini walimjibu yeye na si wengine. Labda kwa sababu aliuliza kama mwalimu, na mbele ya mwalimu hata mzee wa mvi anasimama vizuri.

Alikuwa na maneno yake. Alisema mwizi wa kuku anajua kwamba ni mwizi, lakini mwizi wa muhuri anafikiri anakusaidia. Alisema biro mbaya si ile inayosema hapana. Biro mbaya ni ile inayosema ndiyo polepole. Mtu akimwambia kwamba makarani hawalipwi vizuri, hakubisha. Yeye mwenyewe alifundisha miezi bila mshahara. "Njaa naijua," alisema. "Nilifundisha nayo mu darasa moja. Lakini njaa haikunipa ruhusa ya kuuza pointi ya mutoto wa mutu."

Watu wanapenda sana hadithi ya dosie, yaani faili. Alikwenda biro ya parseli, ile inayotunza karatasi za viwanja, kumsindikiza mjane mmoja aliyekuwa akirudi pale tangu msimu wa mvua. Karani akafungua droo kidogo, akamwambia mjane kwa upole:

"Mama, dosie haina na miguu. Haiwezi kutembea yenyewe mpaka kwa shefu."

"Shefu iko wapi?" Madame akauliza.

"Ile mlango ya tatu."

"Leta. Mi niko na miguu."

Akaichukua dosie mezani, akaibeba mbele ya watu wote kama sinia ya chakula, akapiga mlango wa tatu, akaingia, akaiweka mbele ya shefu. Shefu wa biro ya parseli alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini. Akauliza ni nani ameruhusu raia kubeba hati za serikali. Madame akamjibu kwamba karani wake amesema hati ni mlemavu, naye kama Mkristo amemsaidia mlemavu. Watu kwenye benchi walicheka mpaka mlinzi akaingia kuona. Mjane alipata saini siku ile. Lakini tangu siku ile pia, shefu yule hakusahau uso wa Madame.

Nisimfanye malaika. Kwa ajili ya haki ya watu wote alikuwa tayari kufa, lakini motari akimtajia bei ya kawaida alilia umaskini, akamwita mwanangu, akamkumbusha kwamba labda alimfundisha kusoma, na mwisho alimlipa nusu. Motari wengine walimwona mbali wakageuza pikipiki. Alikemea biro zinazofungua saa za kuchelewa, na yeye kwenye misa aliingia wakati wa mahubiri. Aliniambia niseme kweli daima, lakini mtu akimwuliza umri wake alipunguza, na akipunguza alinitazama mimi, aone kama nitacheka.

Na alikuwa mgumu. Nakumbuka darasani aliniita "weye wa nyuma," kwa sababu niliketi nyuma ili nisiulizwe. Aliniuliza kila siku. Nikinyamaza, alingoja. Darasa lote lilingoja, na yeye mguu unapiga, mpaka neno linitoke. Sijajua hadi leo kama ule ulikuwa wema.

Katika shule zetu, mwisho wa mwaka kunakuwa na proklamasio. Wazazi wanakuja, mwalimu anasimama na kusoma matokeo kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila mtu anasikia mtoto wa nani ameanguka. Na wale wanaofaulu mtihani mkubwa wa serikali wanamwagiwa poda kichwani, nyeupe mpaka kwenye nyusi, wanatembezwa barabarani kwa filimbi na nyimbo. Madame hakuona sababu ya kubuni kitu kingine.

"Kama batoto ya primeri banavumilia proklamasio," aliwaambia wa komite, "bashefu nabo batavumilia."

Ndivyo ilivyokuwa. Komite iliazima ukumbi wa parokia. Mashefu walialikwa na barua, na raia wakajaa mpaka madirishani. Madame alisimama na bik nyekundu mkononi, kalamu ya kusahihishia, ingawa hakuwa na cha kuandika nayo, akasoma pointi za kila biro. Mara ya kwanza mashefu walikuja wakicheka. Hawakutoka wakicheka. Biro ya parseli ilikuwa ya mwisho. Yule shefu mnene alisimama.

"Madame, mi hapana mutoto wa primeri!"

"Najua," Madame akasema. "Mutoto wa primeri angeshakuwa analia."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mara ya pili mashefu walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, na wengine walileta wake zao. Ni mara hiyo ambapo ya kwanza ilikuwa biro ya kuandikisha watoto wachanga. Waliistahili. Mtu alifika pale na mtoto mgongoni, akaandikiwa, akarudi nyumbani, hakuna aliyemwambia habari ya soda wala ya kredi ya simu. Madame alipoitaja, wafanyakazi wake waliruka juu, wakatoa mikebe ya poda waliyoificha kwenye mifuko, wakamwagiana, wakamwagia shefu wao, mtu mzima mwenye miwani, na wakatoka kwa filimbi mpaka kwenye barabara kubwa. Magari yalipiga honi. Tulicheka, na siye pia tulicheza. Madame alisimama mlangoni pa ukumbi na poda begani, na mara hiyo mguu wake ulikuwa umetulia.

Jumatatu, mama mmoja aliyejifungua karibuni alikuja kwetu moja kwa moja kutoka biro ile, mtoto ananyonya.

"Madame, kwani bei imepanda?"

"Bei gani? Pale hakuna bei."

"Banasema ni kidogo tu. Ya poda."

Kwa kweli ndivyo walivyofanya. Sherehe iliendelea Jumamosi kutwa, na Jumapili, na gharama yake hawakuwa nayo. Wakaona si vibaya kila mzazi achangie kidogo furaha ya biro yake. Madame alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Nilimfuata kwa sababu mama aliniambia, "Mufuate, ataenda kugombana." Hakugombana. Shefu wa biro ile alimpokea amesimama, na poda bado iko ndani ya masikio.

"Madame, haikuwa rushwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini. "Ilikuwa furaha."

"Uliomba watu kitu juu ya kazi ya serikali?"

"Ndiyo, lakini… Madame, siye tulikuwa propre, safi. Ya kweli. Mpaka Jumamosi."

Alirudisha alichochukua, mzazi mmoja mmoja, na Madame alikuwapo. Lakini njiani kurudi hakuongea hata na motari. Alipofika kwenye mlango wetu wa mabati alisimama.

"Nikiwaacha banaharibika," alisema. "Nikiwasifu banaharibika. Sasa nifanye nini?"

Hakuwa akiniuliza mimi. Tangu hapo alianza kufagia mara mbili.

Sasa niseme habari ya parseli, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kumjua.

Siku moja watu wa kupima viwanja walikuja na ndoo ya rangi, wakapiga msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba yetu ndogo, na mwingine kwenye ukuta wa Papa wa Butembo. Mtu mmoja ambaye hatukumjua alikuwa amejitokeza na karatasi mpya, akisema sehemu ya nyuma ya kiwanja ni yake. Madame alikuwa na karatasi ya zamani ya marehemu mume wake, lakini ilipaswa kuthibitishwa, na kuthibitishwa ni kwenye biro ya parseli. Bila uthibitisho, nyumba zile mbili zingebomolewa, na siye tungekuwa barabarani.

Madame alikwenda. Akaketi kwenye benchi lile lile, safari hii si kwa ajili ya kusahihisha. Akaambiwa dosie inatafutwa. Akarudi, akaambiwa imeonekana lakini shefu hajaisoma. Akarudi, akaambiwa imesomwa lakini imechanganyika na nyingine. Hakuna aliyemwomba kitu waziwazi. Walimngoja tu. Kila jioni mama yangu alimtazama akiingia, akatazama msalaba mwekundu, akaingia ndani.

Mama alikuwa amekwisha kukimbia mara nyingi mno. Alijua kufunga vitu vyetu vyote katika kitenge kimoja kwa muda wa kupika chai. Siku zile nilimwona ameanza kutenga vitu: sufuria upande huu, nguo upande ule.

Kisha, siku moja, Madame aliingia anatembea haraka, karatasi mkononi, muhuri mbichi.

"Bila hata senti!" alipaza sauti tangu barabarani. "Muone! Bila hata senti! Banabadilika! Pole pole, lakini banabadilika!"

Alitupikia wote siku ile, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwa, na akaketi. Aliketi kabisa, mgongo umeegemea ukuta, miguu imenyooka. Mama yangu alilia. Papa wa Butembo alikula bila kuinua kichwa.

Kwenye proklamasio iliyofuata, biro ya parseli haikuwa tena ya mwisho. Ilipanda juu ya nusu. Madame alieleza kwa nini: alitoa ushuhuda wake mwenyewe, namna alivyongoja kama raia yeyote, namna alivyohudumiwa mwishowe bila kutoa kitu. Watu walipiga makofi marefu. Yule shefu mnene alisimama kupokea makofi, akiangalia viatu vyake.

Njiani kurudi mama alinishika mkono, akaniambia polepole kwamba Papa wa Butembo ndiye aliyesukuma dosie. Alipeleka mkono wake wenye pesa kwa karani, na mama naye alichangia alichokuwa nacho.

"Hapana kusema," mama akaniambia. "Atavunjika."

Sikusema. Hakukuwa na haja ya mimi kusema. Madame alirudi biro ya parseli juma lililofuata, amevaa kitenge kizuri, kuwapongeza. Akaketi kwenye benchi kwa mazoea. Kando yake alikuwapo mwanamke kijana aliyetoka na kesho, na Madame akamtia moyo, akamwambia angoje, biro hii imebadilika. Yule mwanamke akamgeukia.

"Imebadilika namna gani? Karani ameniambia sasa hivi: hata Madame wa pointi, mwenyewe, dosie yake ilisukumwa. Weye njo nani ya kukataa?"

Hakujua anaongea na nani.

Madame alirudi kwa miguu. Ilikuwa mchana, jua kali, vumbi la pikipiki juu ya kila kitu. Papa wa Butembo alikuwa amekuja kula. Mama alikuwa anachambua mchele. Madame akasimama katikati ya uwanja.

"Ni nani kati yenu?"

Hakuna aliyejifanya kutoelewa. Papa wa Butembo akanawa mikono, akaikausha polepole kwenye suruali.

"Ni mimi, Madame."

"Nilikutuma?"

"Hapana. Ungenituma lini? Ungengoja mpaka balete nyundo."

"Umenifanya nimedanganya mbele ya ukumbi muzima."

"Madame, mi nilinunua mabati yenye iko juu ya kichwa ya batoto yangu. Ulitaka balale wapi? Ndani ya pointi yako?"

"Unajua sasa karani anasema nini kwa bale maskini? Anataja jina langu. Mi njo nimekuwa bei yao."

Ni mama aliyeongea. Mama hakuwahi kumjibu Madame kitu.

"Madame yangu," alisema, bado anachambua, "mi nilikimbia juu ya mapanga. Nilikimbia juu ya moto. Sitakimbia juu ya haki. Hiyo siwezi."

Madame akamwangalia. Mguu wake ulikuwa unapiga. Nilifikiri ataketi karibu na mama, maana alimpenda. Aliingia ndani, akatoka na karatasi, akaondoka nayo.

Biro ya parseli ilikataa kuipokea. Shefu alimwambia, kwa sauti yake laini, kwamba wana utaratibu wa kutoa karatasi lakini hawana utaratibu wa kurudishiwa. Madame akaiweka mezani. Akaagana na mlinzi, akatoka. Mlinzi akamfuata nayo barabarani. Walikwenda hivyo mpaka kwenye kona, yeye mbele, mlinzi nyuma anaita, "Madame! Karatasi yako! Madame!" Mwisho Madame aliichana vipande mbele ya mlinzi, akarudi, akaomba dosie ianze upya tangu mwanzo, na ikiwezekana mbele ya watu.

Kisha akaomba ukumbi wa parokia. Haukuwa wakati wa proklamasio, lakini watu walikuja. Alisema yote. Hakumtaja Papa wa Butembo, alisema "mtu wa nyumbani kwangu." Aliishusha biro ya parseli chini kabisa, na chini yake akaiweka parseli yake mwenyewe, akaipa zero. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Ya nini kujivua nguo hivi?" Komite ilikutana siku zile, ikamwandikia kwa heshima kwamba mtu ambaye dosie yake ilisukumwa hawezi tena kusahihisha wengine, na ikamshukuru. Sikumwona amekasirika. Alisema wana haki, na kwamba yeye pia angeandika hivyo.

Aliyekasirika alikuwa mama.

Dosie mpya ilikwenda polepole, lakini safari hii ilikwenda kweli. Kila hatua Madame alikuwa pale na mashahidi wawili wa mtaa. Wapimaji wakaja tena na kamba yao. Mwenye madai naye akaja na mashahidi wake. Na uamuzi ulipotoka, uliwagawanya: mbele kwa Madame, nyuma kwa yule mtu. Nyuma ndiko tulikokuwa siye. Sijui kama uamuzi ule ulikuwa wa haki. Madame alisema ulikuwa wazi, na kwamba wazi si kitu kidogo. Mama alisema nyumba zilizobomolewa wazi zinabomoka sawasawa na nyingine.

Papa wa Butembo aliondoka kwenda Niania na misumari yake. Aliagana na Madame kwa heshima, mikono miwili, kama mtu anayeaga mama mkwe. "Madame, unatupenda sana," alimwambia. "Lakini unatupenda wote pamoja. Mutu mumoja mumoja, huna nafasi." Siye tulipata chumba cha kupanga chini zaidi, karibu na bonde. Mama alikifunga kitenge chake. Hakumuaga Madame.

Nilikuwa nikipita mbele ya biro ile mara kwa mara, na niliuliza watu, kama alivyouliza yeye. Wengine waliniambia karani bado anamtaja. Sasa anasema: "Madame alikataa, akapoteza nusu. Chagua mwenyewe." Lakini mlinzi, yule aliyemfuata na karatasi, aliniambia kitu kingine. Alisema baadhi ya watu, wakisikia hivyo, wanaketi tena kwenye benchi na kungoja. Si wengi. Alisema wanakaa vibaya, upande mmoja tu wa mwili, na hawaondoki.

Ulipita muda mrefu kabla sijamwona tena. Barabara ya kwenda kwetu ilitulia kidogo, mama akapanda kwenda Bule kuangalia shamba, akalima, akarudi, akaenda tena. Akaja na gunia la viazi vitamu, vya kwanza tangu tulipokimbia. Alivimwaga chini, akavichagua. Vikubwa akavitia katika beseni, akafunika kwa majani.

"Mupelekee," akasema.

Sikuuliza ni nani.

Parseli ya Madame imekuwa ndogo. Pale palipokuwa nyumba yetu kuna ukuta mrefu wa matofali mapya, na nyuma yake mtu anapiga nyundo. Madame alikuwa uwanjani, anafagia sehemu iliyobaki. Amekonda. Aliponiona aliegemeza ufagio.

"Weye wa nyuma. Umekuja."

"Ndiyo, Madame."

"Mama yako bado ananikasirikia?"

Alingoja jibu, kama alivyongoja darasani. Nyundo ilipiga upande wa pili.

"Ndiyo," nikasema.

"Iko na haki." Akaangalia beseni, akainua jani moja kwa kidole, akaona viazi, akalirudisha jani mahali pake. Uso wake ukabana. "Hii ni ya nini? Anataka nifanye nini?"

"Hakuna kitu, Madame."

"Hakuna karatasi anatafuta? Hakuna mutu wa kuongea naye?"

"Hakuna."

"Basi ni ya nini?"

"Ni viazi vya kwetu," nikasema. "Ni ya kula."

Aliniangalia kama mwalimu anayetafuta kosa. Kisha akapanua mikono yote miwili, akapokea beseni, na kwa sababu lilikuwa zito akaketi nalo palepale chini, kwenye vumbi alilokuwa amelifagia. Akachukua kiazi kimoja, akakipangusa kwenye kitenge, akaniambia niketi.